Iksora juu ya mawe ya matumbawe: uchambuzi wa uzio uliogeuka njano Jambiani

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha safu ya iksora iliyopandwa kando ya ukuta wa nyumba ya wageni huko Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja. Ilipandwa ikiwa na majani ya kijani kilichokolea na vishada vyekundu, na kabla ya mwaka kutimia majani yake mapya yalikuwa yamefikia rangi ya pembe ya ndovu, kingo zikiwa zimeungua na maua yakiwa machache sana. Nimekichagua kwa sababu hali hiyo huonekana karibu kila mahali ambapo bustani imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mara nyingi hutibiwa kwa vitu vile vile vinavyoizidisha. Mmea haukukosa huduma hata kidogo. Huduma ilikuwa nyingi, ila ilielekezwa kwenye ugonjwa ambao haukuwepo.

Iksora inayozungumzwa ni Ixora coccinea, kichaka kisichopukutisha majani, ambacho asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka na ambacho ni jamaa wa mbuni na gadenia katika familia ya Rubiaceae. Maua yake ni madogo, yenye mrija mwembamba na petali nne, nayo hukusanyika kwa makumi katika kishada kimoja kwenye ncha ya tawi. Mahali panapokifaa, kichaka hufikia kimo cha mtu na kuzidi, hustahimili jua, joto na mkasi, na huchanua sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo si ajabu kwamba kimeenea katika bustani za nyumba na hoteli mwambao mzima. Udongo kinaoupenda ni wenye uchachu kiasi, wa pH (kipimo cha uchachu: kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uchachu unavyozidi) ya takriban 5 hadi 6, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Udongo wa chokaa hakipatani nao, na Jambiani yote imekaa juu ya chokaa.

Miche ilinunuliwa katika kitalu cha upande wa magharibi wa kisiwa, ikiwa kwenye viriba vyeusi, na kupandwa masika yalipokaribia. Mtaro wa mita ishirini hivi ulichimbwa sambamba na ukuta mpya wa matofali ya saruji uliopigwa lipu na kupakwa chokaa nyeupe. Mtaro ulipokuwa ukichimbwa, mawe makubwa yalitolewa kwa mtaimbo, yakabaki madogo pamoja na udongo mwekundu kidogo uliokuwa katika mianya ya mwamba, kisha mchanga mweupe wa pwani ukaongezwa ili kujaza. Kwa mwenye nyumba kazi hiyo ilionekana ya uangalifu, na kwa mimea mingi ingetosha. Mvua za masika ziliposhuka, iksora zilichipua vizuri na kutoa vishada. Rangi ilianza kufifia baada ya kipupwe, na kiangazi kilipoingia, wakati kumwagilia kulitegemea maji ya kisima pekee, majani mapya yalikuwa yakitoka yakiwa ya njano moja kwa moja.

Kilichofuata ni mfululizo wa dawa. Kwanza samadi ya kuku, kwa kuwa majani ya njano huaminiwa kuwa ni dalili ya njaa. Ilipokosa kusaidia, ikafuata mbolea ya CAN, kisha yurea. Baadaye wakaonekana wadudu gamba kwenye mashina, pamoja na sisimizi na ukungu mweusi juu ya baadhi ya majani, ikaamuliwa kwamba wadudu ndio chanzo, na dawa ikapuliziwa mara kadhaa. Jivu la kuni nalo lilimwagwa kwenye mashina, kwa imani kwamba hufukuza wadudu. Mzee anayeitunza bustani ndiye aliyekuwa wa kwanza kutilia shaka mwelekeo huo. Alinieleza nilipofika, "Mwanangu, mti wenye njaa ukiulisha unanenepa. Huu tunaulisha na unazidi kukonda." Kauli hiyo ilikuwa uchunguzi sahihi kabisa, na ilistahili kufuatwa mapema.

Jambo la kwanza la kutazama katika kisa cha namna hii ni jani lipi limeathirika, kabla hata ya kutazama limeathirika vipi. Katika safu ya Jambiani majani ya chini, yaliyotoka wakati wa masika ya kwanza, yalikuwa bado ya kijani kinachoridhisha, na njano ilizidi kadiri jicho lilivyopanda kuelekea ncha, hadi jani changa kabisa likawa karibu jeupe. Mpangilio huu peke yake unaondoa watuhumiwa wengi. Naitrojeni, magnesi na potasiamu ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha; vikipungua, mmea huvinyang'anya majani makuukuu na kuyapelekea machanga, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma hakihamishiki kwa urahisi namna hiyo. Kilichokwisha kuwekwa katika jani la zamani hubaki humo, na jani jipya likikosa kupokea kutoka kwenye mizizi halina pa kukopa. Njano inayoanzia juu na kuacha chini kijani inaelekeza kidole kwenye chuma au manganisi, na haiwezi kuwa njaa ya naitrojeni ambayo samadi na yurea zingeitibu.

Sura ya jani lenyewe ilithibitisha mwelekeo huo. Nyama ya jani iliyo kati ya mishipa ilikuwa njano, na mishipa, hata ile midogo kabisa, ilibaki kijani chembamba kilichochorwa kwa ukali. Upungufu wa manganisi hufanana na huu, lakini huacha ukanda mpana zaidi wa kijani kandokando ya mishipa, na mara nyingi huleta madoa yaliyokufa mapema. Vyote viwili huweza kutokea pamoja katika udongo wa chokaa, kwa hiyo sikutaka kutegemea macho peke yake. Kuna jaribio rahisi ambalo namshauri kila mtunza bustani alifanye kabla ya kununua chochote: gramu 5 za salfeti ya chuma huyeyushwa katika lita moja ya maji safi, hutiwa tone la sabuni ya maji, kisha kwa brashi ndogo hupakwa nusu moja tu ya jani changa la njano, nusu ya pili ikiachwa kama ilivyo. Tulifanya hivyo kwenye majani ya mashina kadhaa wakati wa jioni. Baada ya wiki hivi, nusu zilizopakwa zilikuwa na mabaka ya kijani kila mahali dawa ilipokaa, na nusu nyingine hazikubadilika. Chuma kilikuwa ndicho kinachokosekana ndani ya jani, na hapo hapakuwa tena na nafasi ya ubishi.

Kukosekana ndani ya jani, hata hivyo, si sawa na kukosekana ardhini, na hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Ule udongo mwekundu wa mianya ya mwamba una wekundu huo kwa sababu ya oksaidi za chuma. Mizizi ya iksora ya Jambiani ilikuwa imezungukwa na chuma kingi kuliko inavyoweza kukitumia katika maisha yake yote. Tatizo ni kwamba chuma cha namna hiyo huyeyuka kwa shida, na uyeyukaji wake hutegemea uchachu wa udongo kwa ukali mno: kila pH inapopanda kwa namba moja, chuma kilichoyeyuka hupungua takriban mara elfu. Udongo wenye chokaa huru hukaa kati ya pH 7.5 na 8.5, na huo ndio ukanda ambamo chuma hupatikana kwa uchache kupita kote. Iksora ikikosa chuma, mizizi yake hujaribu kujisaidia kwa kutoa asidi kidogo ili kukiyeyusha kilicho jirani, lakini asidi hiyo hukutana na chokaa na kumalizwa papo hapo. Mimea iliyozaliwa kwenye chokaa imejaliwa nguvu kubwa zaidi ya kufanya kazi hiyo. Iksora haikujaliwa.

Kuwepo kwa chokaa kulithibitishwa kwa siki ya jikoni. Udongo wa mtaroni ulipowekwa kwenye sahani na kumiminiwa siki ulichemka kwa povu na sauti ya kusikika, na mchanga mweupe uliotumika kujazia ulichemka zaidi. Mchanga wa fukwe za mashariki ya Unguja si mchanga wa mawe magumu kama ule wa mito ya bara. Sehemu yake kubwa ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wa chokaa vilivyosagwa na bahari, kwa hiyo kuutumia kulainisha udongo wa iksora ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Wakulima wa Unguja wanalijua hili vizuri kwa njia yao, kwani ardhi ya maweni na uwanda ya mashariki wanaitofautisha wazi na udongo wa kinongo na mchanga wa magharibi, na hakuna mkulima ambaye angepeleka mikarafuu Jambiani. Bustani za mapambo zingefaidika sana iwapo wanaozianzisha wangeuliza wakulima wa kijiji kabla ya kuchora ramani.

Mahali mmea uliposimama katika safu nako kulieleza mengi. Hali ilikuwa mbaya kupita zote karibu na lango, ambapo baadhi ya mashina yalikuwa yamekwisha kufa. Tulipochimba hapo tulikuta, chini kidogo tu ya uso wa udongo, tabaka la zege lililokauka, vipande vya lipu na unga wa saruji, kwa kuwa ndipo mafundi walipokuwa wakikorogea. Katikati ya safu njano ilikuwa ya wastani. Mwisho wa safu, chini ya mkungu mkubwa, mashina manne yalikuwa karibu kijani kamili. Hapo majani ya mkungu yalikuwa yameanguka na kuoza kwa miaka mingi, yakiacha tabaka jeusi la mboji, na hapo hapo ulikuwa ukimwagikia mlizamu wa paa, hivyo mashina hayo yalikuwa yakinyweshwa maji ya mvua kila iliponyesha. Asingetokea mtu yeyote na kipimo chochote, tofauti hiyo peke yake ingetosha kuonyesha kwamba aina ya mmea ni moja, kitalu ni kimoja, mtunzaji ni mmoja, na kinachotofautiana ni kile ambacho mizizi imesimama juu yake na maji inayoyanywa.

Maji ya kisima yanastahili kutajwa peke yake. Kisima cha nyumba kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, na birika la jikoni lilikuwa na ukoko mweupe mnene ambao kila mkaazi wa pwani anaufahamu. Ukoko huo ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji kwa umbo la bikaboneti. Kila ndoo iliyomwagwa kwenye iksora wakati wa kiangazi iliongeza bikaboneti pale pale kwenye mizizi, na bikaboneti ndiyo humaliza asidi ambayo mizizi huitoa. Hata udongo mzuri ulioletwa kutoka mbali ungeharibika taratibu kwa maji hayo.

Mizizi tuliichunguza kwa mashina mawili, kwani iksora hushambuliwa pia na minyoofundo (minyoo midogo inayotia mizizi vinundu) katika udongo wa kichanga, na mmea wenye mizizi iliyojaa vinundu huweza kuonyesha njano ya chuma hata pale ambapo udongo hauna lawama. Vinundu havikuwepo, wala kuoza. Kilichoonekana ni kwamba fungu la mizizi lilikuwa bado na umbo la kiriba, na mizizi iliyothubutu kutoka nje yake ilikuwa michache. Hilo linaeleza kwa nini miezi ya kwanza ilikuwa mizuri: mmea ulikuwa ukiishi kwa udongo wa kitaluni uliokuja nao.

Sasa dawa zilizotangulia zinaweza kupimwa kwa haki. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi, na ya kuku wa mayai ina kalsiamu nyingi pia, kwa sababu kuku hao hulishwa chokaa ili ganda la yai liwe gumu. Fosforasi ikizidi huzuia chuma kutumika vizuri ndani ya mmea. CAN ni mchanganyiko wa naitreti ya amonia na chokaa iliyosagwa, kwa hiyo mfuko ulionunuliwa kwa ajili ya kuuponya mmea ulikuwa na kitu kile kile kilichokuwa kikiuudhi. Zaidi ya hayo, mizizi inapofyonza naitrojeni ya naitreti hupandisha pH ya udongo unaoigusa, ilhali ikifyonza ya amonia huishusha. Yurea ilisukuma mmea utoe majani mapya, yaani uongeze mahitaji ya chuma pasipokuwa na chuma, na ndiyo sababu rangi ilizidi kupauka baada ya kila kulisha. Jivu ni alkali kali kuliko hata mchanga wa pwani. Ama wadudu gamba, hao ni wa kweli na walihitaji kushughulikiwa, lakini walikuja kwenye mmea ambao tayari ni dhaifu. Walitolewa kwa kitambaa na maji ya sabuni, na walipopungua, sisimizi waliokuwa wakiwafuga kwa ajili ya utamu wao waliondoka na ukungu mweusi ukakauka.

Palikuwa na njia kadhaa za kufuata, na kila moja ilizungumzwa na mwenye nyumba kwa kirefu, kwa sababu kila moja ina gharama na mwisho wake.

Njia iliyopendekezwa na watu wengi ni kushusha pH kwa salfa ya unga, ile ambayo wakulima wa korosho wa kusini mwa Tanzania huipulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Katika udongo wa kichanga usio na chokaa huru salfa hufanya kazi hiyo vizuri, maana bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi kidogo kidogo. Lakini hesabu ya Jambiani inaikataa. Mtaro wa mita 20, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 40, ni mita za ujazo 4, ambazo zina uzito wa karibu tani 5. Tukichukulia kwamba moja ya tano tu ya udongo huo ni chokaa, na povu la siki lilidokeza kwamba ni zaidi, basi kuna tani nzima ya chokaa mtaroni. Kilo moja ya salfa humaliza chokaa ya kilo tatu na kidogo. Zingehitajika zaidi ya kilo 300 za salfa kabla pH haijaanza kushuka kwa maana yoyote, na mwamba ulio chini, ukuta ulio kando na maji ya kisima vingeendelea kuleta chokaa mpya. Nimeiandika hesabu hii kwa ukamilifu kwa sababu ushauri wa salfa hutolewa mara nyingi bila kuulizwa swali hili la msingi: udongo unachemka kwa siki au hauchemki? Ukichemka, salfa iachwe.

Misumari yenye kutu ni ushauri mwingine wa siku nyingi. Kutu ni oksaidi ya chuma, yaani kitu kile kile ambacho udongo mwekundu umejaa, na kukifukia kwenye chokaa hakubadilishi lolote. Siki na maji ya ndimu hufanya uchachu wa saa chache. Maji ya betri, ambayo mtu mmoja aliyapendekeza kwa nia njema, ni asidi kali inayochoma ngozi na macho na mara nyingi huwa na madini ya risasi ndani yake, na hayapaswi kukaribia bustani. Salfeti ya chuma ikimwagwa kwenye udongo wa chokaa hugeuka kutu ndani ya muda mfupi. Kwenye majani husaidia, kama jaribio lilivyoonyesha, lakini majani yatakayofuata yatatoka ya njano tena, na matone yake huacha madoa ya kahawia kwenye ukuta mweupe ambayo hayatoki.

Ikabaki njia ya kileti, yaani chuma kilichofungwa ndani ya molekuli inayokilinda kisigeuke kutu. Hapa herufi zilizo kwenye lebo ni muhimu kuliko bei na kuliko maneno ya muuzaji. Kileti cha EDTA, ambacho ndicho kinachopatikana kwa urahisi madukani, hukiachia chuma pH inapopita takriban 6.5, kwa hiyo kinafaa kupuliziwa majani na hakifai kumwagwa kwenye udongo wa pwani. Cha DTPA huhimili mpaka karibu 7.5. Cha EDDHA peke yake ndicho kinachokishikilia chuma hata kwenye pH ya 8 na 9. Ni unga wa rangi ya damu ya mzee, wenye bei ya kuumiza, unaoharibiwa na jua, na kwa hiyo humwagwa jioni kwenye udongo wenye unyevu na kufunikwa kwa matandazo. Hufanya kazi kweli. Lakini hautibu udongo, na katika ardhi ya chokaa utalazimika kurudiwa kwa muda wote ambao mmea utaishi hapo. Kusini mwa Florida, Marekani, ambako ardhi nayo ni mwamba wa chokaa na iksora ni kichaka cha kawaida cha uzio, watunza bustani wanaishi na gharama hiyo mwaka baada ya mwaka.

Njia ya kubadilisha udongo wa mtaro mzima niliikataa, na si kwa sababu za kilimo pekee. Tani tano za mchanga wa magharibi ni mzigo wa lori, na uchimbaji wa mchanga na udongo umekwisha kuacha mashimo makubwa katika mashamba ya Unguja, kisiwa ambacho ardhi yake nzuri ni chache. Kuihamisha ardhi hiyo kwa ajili ya uzio, kisha kuiacha ichanganyike na matumbawe na kumwagiliwa maji magumu, ni kuipoteza. Kiasi kidogo kinachokaa ndani ya chombo ni jambo tofauti, kwa kuwa kinaweza kulindwa.

Uamuzi uliofikiwa uliigawa safu katika sehemu tatu, kila moja kadiri ya hali yake. Upande wa lango, penye zege lililozikwa, iksora ziliondolewa na hazikurudishwa. Nilishauri bugenvilia, kichaka kilichotoka Amerika ya Kusini ambacho hakibabaishwi na chokaa, ukame wala upepo wa chumvi, na ambacho tayari kilikuwa kikistawi kwa jirani bila kuhudumiwa. Mhina nao ungefaa. Mwenye nyumba alisita, kwa sababu alitaka safu moja ya aina moja, na nilimwelewa. Lakini kuna heshima fulani katika kuukubali mwamba ulivyo. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kurudisha uhai kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, mwaka 1971, alijaribu miti ya aina nyingi na kuendelea na michache iliyothibitisha kwamba inaweza kuishi hapo, mvinje ukiwa wa mbele. Msitu uliopo leo ulitokana na kuusikiliza mwamba kwanza.

Sehemu ya kati, iliyo mbele ya baraza ambapo wageni hukaa, ndipo palipohitaji vishada vyekundu zaidi, na hapo iksora zilihamishiwa kwenye mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini, yakapangwa kwa safu juu ya ardhi. Vyungu vya saruji vilikataliwa kwa sababu ile ile iliyoliharibu lango. Udongo wa mapipa ulikuwa mchanga wa magharibi ambao haukutoa povu hata kidogo kwa siki, mboji ya majani yaliyooza, na vumbi la makumbi. Vumbi hilo lilihitaji uangalifu wa pekee, maana makumbi ya Jambiani hufukiwa ufukweni kwa miezi ili yalainike kabla ya wanawake kuyatwanga na kusokota kamba, na vumbi linalobaki limejaa chumvi ya bahari. Lilisuuzwa kwa maji ya mvua mara nyingi, mpaka maji yaliyotoka yakawa hayana ladha ya chumvi. Kuhamisha kulifanywa mawingu ya masika yalipotanda, mizizi ikitikiswa kiasi ili kuondoa mawe bila kuivunjavunja, na matawi yakipunguzwa kwa theluthi moja tu.

Mashina manne yaliyo chini ya mkungu hayakuguswa. Yaliongezewa matandazo ya majani ya mkungu wenyewe, na yalipewa kileti cha EDDHA kwa kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa mashina machache gharama hiyo inabebeka.

Mlizamu ulielekezwa kwenye tangi ili maji ya mvua ya masika na vuli yahifadhiwe kwa ajili ya mapipa. Mbolea ya CAN na jivu viliachwa kabisa kwa iksora, na nafasi yao ikachukuliwa na salfeti ya amonia, ile iitwayo SA madukani, kwa kiasi kidogo sana baada ya kila wimbi la maua, kwa kuwa naitrojeni yake huusogeza udongo kuelekea uchachu.

Majani yaliyokuwa yamepauka hayakurudi kuwa kijani kamili, na sikuahidi kwamba yangerudi; yaliendelea kuwa na rangi ya ndimu mpaka yakaanguka kwa zamu yao. Kipimo cha mafanikio kilikuwa jani jipya, na wimbi la kwanza la machipukizi kwenye mapipa lilitoka na rangi ya shaba, kama kawaida ya iksora changa, kisha likakolea kijani bila michirizi. Vishada vilirudi wakati wa vuli. Chini ya mkungu mashina yalikolea ndani ya majuma machache baada ya kileti, yakaanza kupauka tena kidogo kiangazi kilichofuata, yakapewa tena.

Baadaye palizuka hofu mpya, kwani majani ya chini ya baadhi ya mapipa yalitokea madoa ya zambarau na kahawia, na ikadhaniwa kwamba ugonjwa umerudi. Mtu aliyekwisha kujifunza kuuliza jani lipi atatambua kwamba madoa kwenye majani makuukuu, machanga yakiwa safi, ni habari nyingine kabisa. Katika iksora madoa ya namna hiyo mara nyingi hutokana na upungufu wa potasiamu, wakati mwingine pamoja na fosforasi, jambo ambalo ni rahisi kutokea katika mchanga unaosuuzwa kwa maji ya mvua. Salfeti ya potasiamu iliongezwa kidogo kwa vipindi, na majani yaliyofuata yalizeeka bila madoa.

Jambo la mwisho lililorekebishwa ni mkasi. Iksora hubeba vishada vyake kwenye ncha za matawi, na mazoea ya kuupiga uzio mkasi kila unapoonekana kuwa na nywele yalikuwa yakikata maua kabla hayajafunguka. Siku hizi mzee husubiri wimbi la maua liishe, kisha hukata tawi moja moja juu kidogo ya pingili, ndani zaidi kwa matawi marefu na kidogo kwa mafupi, ili kichaka kijazane bila kugeuka sanduku. Na kwa kuwa tangi halitoshi bustani nzima mwishoni mwa kiangazi, maji ya mvua yaliyobaki huyawekea mapipa ya iksora pekee, na bugenvilia za langoni huzinywesha ya kisima.